Mtoto Anaachiwa Nani? Neno Letu Juu ya Mama Anayesomea Udaktari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), aliyetuneemesha kwa elimu na kwa watoto. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote.



Kila mwaka katika kurasa hizi huwa tunawahimiza watoto wa kike wasome. Mwaka huu sisi walimu wa kike wa madrasa hii tumeona tuseme neno juu ya yale yanayomkuta binti baada ya kutusikiliza. Amesoma, amefaulu masomo ya sayansi, amepata nafasi ya udaktari katika chuo kikuu. Kisha Allah akamruzuku mume mwema na mtoto kabla hajamaliza. Hapo ndipo swali linapoanza kuzunguka mtaani: akienda hospitali asubuhi, mtoto anaachiwa nani?

Swali lenyewe si baya. Mtoto mchanga ana haki zake na hawezi kujisemea. Ubaya uko katika namna tunavyoliuliza. Tunamuuliza mama peke yake, tena kwa sauti ya kumshitaki, kana kwamba mtoto yule hana baba, hana bibi, hana shangazi, wala hana jirani. Rai yetu ni kwamba swali hili ni la jamaa wote na mtaa wote. Nasi tunaanza kwa kukiri kwamba lilipotufikia, tulishindwa kulijibu.

KISA KILICHOTUFUNZA

Alikuwapo binti mmoja aliyehitimisha msahafu hapa hapa kwetu. Akaingia chuo kikuu kusomea udaktari, akaolewa mwaka wa pili, na mwaka wa tatu akajifungua mtoto wa kiume. Mwaka wa nne ulipoanza alitakiwa kuwa wodini saa moja na nusu asubuhi. Mumewe alikuwa na duka, hurudi nyumbani baada ya Isha. Mama mkwe alisema yeye amekwisha kulea wa kwake. Akaletwa msichana wa kazi kutoka shamba, akakaa miezi miwili, akaondoka. Mtoto akaharisha mara mbili, na mtaani maneno yakaanza: unaona, anatibu watoto wa watu na wa kwake anaugua.

Akaacha masomo, akiwa amebakiwa na mwaka mmoja na miezi michache.

Sisi tulikwenda kumtazama. Tulimwambia asubiri, huenda Allah akampa kheri nyingine. Maneno ya subira ni mazuri, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: mtoto nimshike mimi siku zipi? Na sisi madrasa yetu huanza saa nane mchana. Asubuhi zote tuko majumbani.

Miaka miwili baadaye binti wa mmoja wetu alishikwa na uchungu usiku. Tulipofika hospitali neno la kwanza lililotutoka lilikuwa: hakuna daktari wa kike? Usiku ule hakuwapo. Alimhudumia daktari mwanamume, kwa heshima na ustadi, Allah amlipe kheri. Lakini tuliporudi nyumbani alfajiri hakuna aliyezungumza, kwani sote tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja.

MASOMO HAYA YANADAI NINI

Ni vizuri wazazi wajue binti anaingia katika kazi ya namna gani. Hapa Tanzania shahada ya udaktari ni ya miaka 5. Miaka ya mwanzo huwa zaidi darasani na maabara, mwanafunzi akijifunza umbile la mwili na jinsi viungo vinavyofanya kazi. Mwenye mtoto anaweza kudurusu usiku mtoto akilala. Miaka inayofuata ni ya wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Huko mgonjwa hasubiri na zamu hazibadilishwi kwa sababu mtoto ana homa. Baada ya mahafali hufuata mwaka 1 wa utarajali hospitalini, na humo zamu za usiku ni jambo la kawaida. Kwa hiyo binti akianza na miaka 19 au 20, miaka yake ya masomo inaangukia ile ile miaka ambayo watu wengi huoa, huolewa na kuzaa. Hilo si kosa la mtu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Akirudi kazini anapewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Lakini mwanafunzi hakuajiriwa. Sheria hiyo haimhusu, na mtihani una tarehe yake. Ndiyo maana anayesoma anahitaji watu wa nyumbani kwake kuliko hata anayefanya kazi.

Vyuo vikuu huwa na utaratibu wa kuahirisha masomo, na sisi hatuoni aibu kumshauri mama autumie pale afya yake au ya mtoto inapotaka hivyo. Kuahirisha mwaka si kuacha. Lakini kuahirisha bila ya kupanga kurudi mara nyingi huishia kuwa kuacha. Basi mume na mke waandike tarehe ya kurudi na waseme tangu mapema nani atakuwa na mtoto siku hiyo.

DINI YETU IMEELEKEZA NINI

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya kuiga watu wengine. Tunawaomba warejee kwa wanavyuoni wetu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika kitabu chake cha Ihya aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya. Akalalamika kwamba iko miji isiyo na tabibu Muislamu hata mmoja, huku watu wakisongamana katika elimu ambayo tayari ina watu wa kutosha. Fardhi kifaya maana yake ni kwamba asipopatikana wa kuitekeleza, dhima inawarudia wote wenye uwezo. Tukitaka wake zetu wahudumiwe na wanawake wenzao, basi mabinti wanaosomea kazi hiyo wamebeba mzigo uliokuwa juu ya shingo zetu sote. Vipi tumuachie abebe na mzigo wa nyumba peke yake?

Katika zama za Mtume (s.a.w.) walikuwapo wanawake waliotibu. Bibi Rufayda alikuwa na hema lake ndani ya msikiti wa Madina, na humo alipelekwa Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Bibi Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) amepokewa katika Sahih Bukhari akieleza jinsi wanawake walivyotoka na jeshi kuwanywesha maji na kuwatibu majeruhi.

Ama kuhusu kunyonyesha, tuitazame aya ya 233 ya Suratul Baqara. Aya hiyo inataja miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza. Inamuwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Kisha inaruhusu kumwachisha mtoto kabla ya muda huo ikiwa wazazi wawili wameridhiana na kushauriana, na inaruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwingine. Tazameni: katika jambo ambalo sisi tunalidhania ni la mama peke yake, Mola wetu ametaja ridhaa ya wote wawili na mashauri baina yao. Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alinyonyeshwa na kulelewa kwa Bibi Halima, katika Bani Saad.

Na huyo huyo Mtume (s.a.w.) imethibiti kwamba alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini na akisimama humbeba. Alikuwa akisikia mtoto analia hufupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani, alieleza kwamba huwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Baba anayeona haya kumbeba mwanawe mtaani, haya hiyo ameipata kwa nani?

NASAHA ZETU

Kwa mume. Kabla ya akdi mlikubaliana kwamba mkeo atamaliza masomo. Ahadi hiyo haikumalizika siku ya harusi. Chagueni siku za wiki ambazo wewe ndiye utakayemwogesha mtoto, utakayempa uji na utakayempeleka kliniki. Wiki ya mitihani, muachie mkeo chumba na usingizi. Usiseme unamsaidia mkeo, kwani mtoto ni wako.

Kwa bibi wa mtoto. Tunajua mmechoka, nasi tumo humo humo. Mwenye haki ya kupumzika ni nyinyi. Basi msilazimishwe, muombwe kwa adabu, mpewe siku za kupumzika, na msiachiwe gharama za maziwa na dawa. Lakini mkiweza hata asubuhi tatu kwa wiki, jueni kwamba kila mgonjwa atakayetibiwa na binti huyo, inshaallah nanyi mna fungu lenu.

Kwa wote wanaoajiri wasichana wa kazi. Hapa tunasema kwa uzito. Si haki kumtoa mtoto wa miaka 12 shuleni kijijini ili mtoto wetu wa mjini awe daktari. Huko ni kuhamisha dhulma kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Atakayelea awe mtu mzima, alipwe mshahara wake kwa wakati, na apewe nafasi ya kusoma dini yake.

Kwa mama mwenyewe. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake, na kwenda wodini hakulazimishi kuyakatisha. Maziwa hukamuliwa kwa mikono misafi, yakawekwa katika chombo safi chenye kifuniko na kuhifadhiwa kwenye friji, kwani katika joto letu hayakai sana nje. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Ukirudi nyumbani usianze na vyombo. Mshike mwanao kwanza. Na siku ukishindwa, useme. Wengi walioacha hawakushindwa na masomo, walishindwa kuomba.

Kwa wanafunzi wetu wa kiume. Msome makala hii kama inavyowahusu dada zenu. Kijana anayejua kumbeba mtoto wa dada yake na kuosha vyombo leo, kesho hatomkatisha mke wake masomo.

NA SISI MADRASA TUTAFANYA NINI

Tusije tukawa watu wa kuwausia wengine. Mwaka 1986 kule Mombasa, jamii za Waislamu kwa kusaidiwa na Taasisi ya Aga Khan zilianza mpango wa shule za awali za madrasa, na Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanawake wa mitaani walifunzwa ualimu wa watoto wadogo, na madrasa zikapokea watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Kwa hiyo hatubuni jambo jipya.

Vyumba vya madrasa yetu viko vitupu tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Tunapendekeza mbele ya wazazi wote kwamba chumba kimoja kisafishwe, kitandikwe mikeka, kiwekewe ndoo ya maji yenye koki na sabuni, na kipokee watoto wadogo wa akina mama wanaosomea udaktari, uuguzi, ukunga na ualimu. Sisi walimu wa kike tumekwisha kugawana siku. Kila siku tutakuwa wawili, kwa kujitolea. Tunachoomba kwa wazazi ni mchango wa mikeka, uji na mshahara mdogo wa mama mmoja mtu mzima atakayekuwapo siku zote. Mkutano wa wazazi utakapokaa, tunaomba jambo hili liwe la kwanza kuzungumzwa, lisisubiri mengineyo.

Yule binti wetu tumemwendea tena mwezi uliopita. Safari hii hatukwenda na maneno ya subira. Tulimuuliza kama bado anataka, na kama chuo kikuu kitampokea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataandika barua kuuliza. Hatujui atajibiwa nini. Lakini alipouliza, mtoto ataachiwa nani, tulikuwa na la kumjibu: atakuwa na sisi.

Ewe Mola wetu, wabariki watoto wetu, wape afya mama zao, na utujaalie tuwe wenye kubebeana mizigo. Amin.

Wabillahi tawfiq.