Teresia wa Lisieux na Mambo Madogo ya Kila Siku

Kijana Mkristo akiisha kutoka shuleni na kushika kazi, iwe kazi ya jembe au ya kalamu, hukutwa na maswali mawili ambayo hakuyasikia katika mafundisho ya ubatizo. La kwanza ni hili: kupalilia mahindi, au kunakili hesabu tangu asubuhi hata jioni, kuna maana gani mbele ya Mungu? La pili ni gumu zaidi, na wengi huona haya kulitamka: afanyeje mtu anayesali wala asisikie kitu moyoni, kana kwamba anazungumza na ukuta?

Maswali hayo si mapya, wala si ya watu wa nchi hii peke yao. Mwanamke mmoja wa Ufaransa, aliyefariki mwaka wa 1897 akiwa na umri wa miaka 24, aliyawaza sana na kuyaandika katika madaftari ya shule. Jina lake ni Thérèse Martin. Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki humwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, na wazazi wengi wamewapa binti zao jina lake. Habari zake zafaa kujulikana hata na Wakristo wa madhehebu mengine, maana yaliyompata huwapata watu wote.

Thérèse alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 katika mji wa Alençon. Baba yake, Louis, alikuwa fundi wa saa, na mama yake, Zélie, alikuwa na biashara ya lesi. Walizaa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, wakasalia mabinti watano, na Thérèse ndiye kitinda mimba. Alipokuwa na umri wa miaka minne mama yake alikufa kwa kansa ya titi. Baba akawahamisha watoto kwenda mji wa Lisieux, karibu na jamaa za marehemu mkewe. Mtoto akashikamana na dada yake Pauline kama mama wa pili. Lakini mwaka wa 1882 Pauline akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini humo, na mtoto akaona kama amefiwa mara ya pili. Kwa miaka kadhaa alikuwa mwepesi wa kulia, na akiisha kunyamaza hulia tena kwa aibu ya kuwa amelia.

Hata hivyo hakuwa dhaifu wa nia. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliomba kuingia utawa, akaambiwa kwamba ni mdogo mno. Alikwenda kwa askofu, asipate jibu la hakika. Mwezi wa Novemba 1887 alisafiri pamoja na baba yake na mahujaji wengine mpaka Roma. Mahujaji walikuwa wameonywa wasimsemeshe Papa Leo wa 13; lakini Thérèse alipopiga magoti mbele yake alimwomba ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe, hata walinzi wakalazimika kumwinua na kumtoa. Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na umri wa miaka 15, alifunguliwa mlango wa nyumba ya Wakarmeli wa Lisieux, wala hakutoka tena mpaka alipokufa.

Ndani hakukuta mambo ya ajabu. Alikuta ufagio, nguo za kufua, meza za kuandaa, na baridi kali wakati wa majira ya kipusa, kwa maana vyumba vya kulala havikuwa na moto. Alikuta wanawake ishirini na kitu, wazee kwa vijana, waliokaa pamoja maisha yao yote pasipo kuchaguana. Muda si mrefu baba yake mpenzi akaharibikiwa na akili, akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mitatu, na watu wa mji wakanong'ona kwamba ni binti zake waliomvunja moyo kwa kumwacha. Thérèse alilisikia hilo, akaendelea kufagia.

Asingeandika kitu kama asingeamriwa. Pauline, ambaye wakati huo alikuwa Mama Mkuu wa nyumba ile, alimwagiza aandike kumbukumbu za utoto wake. Aliandika katika saa chache za mapumziko, akiwa na madaftari ya bei rahisi na kibao cha kuandikia magotini. Baadaye aliandika sehemu nyingine mbili, na ya mwisho aliiandika mwezi wa Juni 1897 akiwa mgonjwa sana wa kifua kikuu, ameketishwa bustanini katika kiti cha magurudumu. Kila alipoanza mstari, mtawa mmoja alipita akasimama kuzungumza naye, kisha mwingine, kisha wa tatu, kila mmoja akidhani anamliwaza. Thérèse aliwapokea wote kwa uso mwema, akaandika kwamba hajui kama amepata kuandika mistari kumi bila kukatizwa. Kurasa za mwisho ziliandikwa kwa penseli, kwa sababu mkono haukuwa na nguvu tena za kuchovya kalamu katika wino.

Madaftari hayo hayakujaa miujiza. Kuna habari za mtawa ambaye, walipokuwa wakifua, alimrushia maji machafu usoni kila alipopiga nguo. Thérèse alitaka kujipangusa kwa kishindo ili mwenzake atambue kosa. Akajizuia, akayapokea maji yale. Kuna habari za mwingine aliyekaa nyuma yake wakati wa sala, akifanya mlio mdogo wa kuudhi usiokoma. Alijikaza asigeuke kumtazama, mpaka jasho likamtoka. Mwisho akaamua kuusikiliza mlio ule kana kwamba ni muziki, na kumtolea Mungu. Kuna habari za mtawa mzee mgonjwa aliyepaswa kuongozwa kila jioni mpaka chumba cha kulia. Ukienda upesi alilalamika, na ukienda polepole alilalamika vile vile. Thérèse alijitolea kumwongoza, na alipogundua kwamba mikono ya mzee huyo haiwezi kukata mkate vizuri, alimkatia kila jioni kabla ya kuondoka, bila kuombwa.

Tena palikuwa na mtawa mmoja ambaye tabia zake zote zilimchukiza. Thérèse alimwombea kila walipokutana, akamsaidia kazi, na kila alipojaribiwa kumjibu kwa ukali alimpa tabasamu. Majaribu yalipozidi, alikimbia kama askari atorokaye vita, naye akaandika hivyo waziwazi. Siku moja mtawa yule alimwuliza kwa furaha ni kitu gani kilichomvutia kwake hata amchekee namna ile.

Huenda mwenye shamba mwenye watoto sita wa kulipiwa karo akasema kwamba mambo hayo ni ya kitoto, na kwamba maji ya kufulia si msalaba. Maneno yake si ya kupuuzwa. Lakini na apime. Mtu anayemsamehe mwizi wa ng'ombe wake husifiwa kijiji kizima, na sifa hizo humtia nguvu. Karani ambaye kwa muda wa mwaka mzima hamkunjii uso mwenzake apigaye miluzi kwenye meza ya jirani hasifiwi na mtu yeyote, maana hakuna ajuaye. Mambo makubwa humjia mtu mara moja au mbili katika maisha. Madogo humjia kabla ya chai ya asubuhi. Anayengoja makubwa ili aanze kupenda, huenda akafa hajaanza. Thérèse aliona kwamba hana nguvu za kufanya mambo makuu ya watakatifu wa zamani, akachagua kufanya madogo kwa upendo, pasipo kulidharau hata moja. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa njia ndogo.

Juu ya sala pia alisema kweli. Aliandika kwamba kwa miaka saba amekuwa akisinzia wakati wa kutafakari, na kwamba hilo halimkatishi tamaa, kwa sababu wazazi humpenda mtoto wao aliyelala sawasawa na aliye macho. Mkulima aliyelima mchana kutwa na kulala usingizi katikati ya Baba Yetu anaweza kupata faraja hapo.

Lakini jambo zito kuliko yote lilikuja mwishoni. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 alitapika damu kwa mara ya kwanza, akajua kwamba atakufa. Siku chache baadaye, katika majira ya Pasaka, imani yake ikaingia gizani. Mbingu, ambayo tangu utoto aliiona kama nchi ya kwao, ilifunikwa kama kwa ukungu. Mawazo yakamdhihaki kwamba baada ya kifo hakuna kitu, ila usiku mnene zaidi. Hapo zamani hakuweza kusadiki kwamba wako watu wasioamini kweli. Sasa alijiona ameketi nao meza moja, akila chakula chao kichungu. Giza hilo halikuondoka mpaka alipokufa, yaani muda wa mwaka mmoja na nusu.

Alifanya nini? Hakujidanganya kwamba anaona nuru. Aliiandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaiweka kifuani. Alisema kwamba katika mwaka ule alifanya matendo ya imani mengi kuliko katika maisha yake yote. Na matendo hayo yalikuwa yale yale: kumpokea kwa upole aliyemkatiza, kumvumilia aliyemwudhi. Hapa ndipo maswali mawili ya kijana wetu yanapokutana. Kazi ndogo za kila siku hazikuwa pambo la imani yake ilipokuwa na nuru; zilikuwa ndizo zilizoishika ilipokosa nuru. Moyo haukusikia kitu, lakini mikono ilijua la kufanya.

Katika ugonjwa huo mwuguzi alimshauri atembee kidogo bustanini kila siku. Mtawa mmoja alipomwona akijikokota kwa taabu alimsihi aketi. Thérèse alijibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani, ambaye labda wakati ule ule amechoka njiani mahali pa mbali. Mmoja wa wamisionari aliowaandikia barua alikuwa Maurice Bellière, kijana yatima aliyeliandikia shirika lile akiomba mtawa wa kumwombea. Mwishoni mwa Septemba 1897, katika siku zile zile Thérèse alipokuwa akikata roho, Bellière alipanda meli kwenda Afrika ya Kaskazini kujiunga na Mapadre Weupe. Baadaye alitumwa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Naye hakuishi sana. Alifariki mwaka wa 1907, akiwa na umri wa miaka 33.

Thérèse alifariki tarehe 30 Septemba 1897. Mwaka mmoja baadaye madaftari yake, yaliyosahihishwa sana na Pauline, yalichapishwa nakala 2,000. Kitabu kikaenea duniani kote. Maandiko yake kama alivyoyaandika yeye mwenyewe yalitolewa mwaka wa 1956. Alitangazwa mtakatifu mwaka wa 1925, na mwaka wa 1927 akafanywa msimamizi wa kazi za misheni pamoja na Francis Xavier, aliyetia nanga Malindi mwaka wa 1542 akielekea Goa. Mmoja alizunguka bahari. Mwingine hakuvuka ukuta wa bustani. Mwaka wa 1997 Papa John Paul wa Pili alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa tatu kupewa heshima hiyo.

Wazee walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwa kawaida hunena hivyo juu ya nafaka na fedha. Kijana ambaye moyo wake umekauka asingoje mpaka usisimke ndipo atende mema. Kesho asubuhi kutakuwa na mtu wa kusalimiwa kwanza, mzee wa kubebewa mzigo, mke aliyechoka wa kuchotewa maji, na barua ya mtu maskini iliyokaa siku nyingi chini ya karatasi nyingine ofisini. Na aanze na hiyo barua.