Mla mbuzi hulipa ng'ombe

Jamani, nimerudi salama. Nilikuwa Nairobi siku tatu kikazi, na kabla hamjaniuliza: ndiyo, nilikwenda Carnivore. Ndiyo, nilikula mamba. Hapana, sikuwabebea.

Lakini leo sikukaa kuandika habari za mamba. Nimekaa kuandika habari zetu sisi waandishi, na najua baada ya hapa kuna watu hawatanisalimia. Poa tu.

Kwa ambao hamjapajua: Carnivore ilifunguliwa mwaka 1980, iko upande wa Lang'ata, si mbali na uwanja wa ndege wa Wilson. Mwaka 2002 na 2003 jarida la Restaurant la Uingereza liliuweka mgahawa huu kwenye orodha yake ya migahawa 50 bora duniani. Ukiingia unakutana na jiko kubwa la mkaa, nyama zimechomekwa kwenye sime za Kimasai zinageuzwa polepole. Zamani walikuwa wanauza hadi pundamilia na kongoni, mpaka serikali ya Kenya ilipofunga biashara ya nyama pori miaka ya mwanzo ya 2000. Siku hizi ni ng'ombe, kondoo, nguruwe, kuku, ngamia, na mbuni na mamba wa kufugwa. Mhudumu anakuja na sime yake mezani, anakukatia kwenye sahani ya chuma yenye moto. Juu ya meza kuna kibendera cheupe. Kikiwa kimesimama, nyama zinaendelea kuja. Ukishindwa, unakilaza. Nyama tamu, wahudumu wacheshi, sina neno nao hata moja.

Neno langu ni juu ya nani alilipa.

Tulikuwa waandishi kumi na mmoja. Tiketi ya ndege, hoteli na chakula vyote vilikuwa juu ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Walituita kwenye warsha ya kuzindua mpango wao: mkulima anakopeshwa mbegu na mbolea, analipa baada ya mavuno. Asubuhi nzima tukaonyeshwa picha za akina mama wanacheka katikati ya mahindi. Halafu akasimama mama mmoja mkulima, naye alikuwa mwalikwa, akauliza kwa adabu kabisa: "Mvua ikikataa, mimi nalipa nini?"

Akajibiwa kuwa swali lake ni zuri sana na litajibiwa baadaye. Mkutano ukaendelea. Waandishi kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kusema litajibiwa lini. Mimi nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari mara mbili. Basi.

Usiku, pale Carnivore, nikamwona ofisa wa kampuni ile amekaa viti vitatu kutoka kwangu. Nikainuka. Kaka mmoja mkongwe kwenye fani, mtu ninayemheshimu, akanishika shati. "Dogo, kaa ule. Huwezi kumuuliza mtu swali kama hilo huku umeshika mfupa wake."

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Nikakaa nikala.

Asubuhi tukapewa bahasha za "nauli ya teksi", wakati kila mahali tulipelekwa na basi lao. Habari yangu ikatoka: wakulima kunufaika na mpango mpya. Kichwa kikubwa, jina langu chini yake. Swali la yule mama halimo. Sikuambiwa na mtu nilitoe. Mhariri hakulikata, kwa sababu halikufika kwake. Nililiacha mwenyewe.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Juzi kanipigia simu baba yangu mdogo, analima mahindi kijijini. Kafurahi kweli kweli. "Mwanangu, nimesomewa habari yako. Nimeona ni wewe umeandika, nikajua hii ni ya kweli. Wale watu wameshafika huku, nataka kujiandikisha. Ila nieleze kitu kimoja: mvua ikikataa, nalipa nini?"

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kwetu waandishi ni mbaya zaidi. Mbuzi tunamla sisi, ng'ombe analipa mwingine, tena mtu aliyetuamini kwa sababu tu aliona jina letu.

Najua utetezi wenu wote, maana na mimi nimeutumia miaka yote.

Wa kwanza: mishahara midogo. Kweli. Wengi wetu, hasa wa mikoani, tunalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo hayo hayatoshi hata nauli ya kuifuata. Lakini hebu tufike mwisho wa hoja hii. Kama mshahara ni mdogo, wa kudaiwa ni mwenye gazeti. Tukijilipa kwa bahasha tunampunguzia yeye deni. Kwa nini aongeze mshahara wakati kuna mtu mwingine anamlipia wafanyakazi? Mhariri anayekutuma kazini bila nauli anajua vizuri nauli itatoka wapi. Bahasha haitusaidii kutoka kwenye umaskini, inatubakiza humo humo.

Wa pili: ukarimu ni mila yetu, mgeni hakatai chakula. Mila hiyo hiyo ina msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbani kwa mtu anayekukaribisha kwa upendo hakuna habari inayotakiwa kutoka kesho yake. Hapa ilikuwa inatakiwa, tena tulipewa tayari imeandikwa. Linganisha magazeti yetu uone: aya ya kwanza na ya pili ni zile zile, nukta kwa nukta. Huo siyo ukarimu. Ni biashara, na bei yake hatukuonyeshwa.

Siku ya mwisho nilikwenda Kenyatta Market kwa pesa yangu. Pale unachagua kipande mwenyewe, kinawekwa kwenye mizani mbele ya macho yako, unaambiwa bei, unasubiri kichomwe. Kinakuja kwenye ubao, chumvi pembeni, ugali na kachumbari. Umelipa, umekula, hudaiwi na mtu. Sijawahi kufurahia nyama ya mbuzi namna ile.

Wa tatu ndio ninaousikia zaidi kwa wasomi wenzangu: mimi siwezi kununuliwa na sahani moja ya nyama. Hata mimi nilisema hivyo. Hakuna mtu anayenunuliwa siku moja. Unaona aibu tu kidogo kuuliza, ukiwa umeshiba. Aibu hiyo ndiyo inayonunuliwa. Kibendera kinalala chenyewe.

Maadili ya kazi yetu yapo. Baraza la Habari Tanzania lipo tangu mwaka 1995, na kanuni zake kuhusu rushwa na vishawishi tunazikariri chuoni. Kwa hiyo sidai kanuni mpya. Nadai vitu viwili vidogo. Cha kwanza, kila habari iliyotokana na safari ya kulipiwa iseme hivyo chini yake: mwandishi alisafirishwa na kulishwa na fulani. Msomaji ana haki ya kujua nyama ilikuwa ya nani. Cha pili, mwenye gazeti alipe nauli ya mwandishi wake, na kama hana, asimtume. Ukurasa mtupu una heshima kuliko tangazo lililovaa nguo za habari.

Naanza na mimi. Habari yangu ile ililipiwa: ndege, hoteli siku tatu, mamba, ngamia na bahasha. Bahasha nimeirudisha. Mamba siwezi.

Baba mdogo nimemwambia asisaini kwanza. Kampuni nimewaandikia barua pepe yenye swali moja tu, lile la yule mama. Wakijibu nitaweka majibu yao hapa. Wasipojibu, nitaweka hapa kwamba hawakujibu, na gazetini nitapeleka habari upya, safari hii na swali ndani yake. Tuone kama itatoka.