Nani Humsomea Mwananchi Daftari la Maji?

Isaka inajulikana kwa reli na bandari kavu yake. Shehena za Rwanda na Burundi hushushwa hapo, zikahesabiwa na kupakiwa kwenye malori kwa hati. Lakini katika vijiji vya Halmashauri ya Msalala, kama katika vijiji vingi vya nchi hii, ipo bidhaa inayouzwa kila siku, ndoo kwa ndoo, ambayo mnunuzi wake ni nadra kuonyeshwa hesabu. Bidhaa hiyo ni maji.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuukabidhi kazi iliyokuwa mikononi mwa halmashauri. Chini ya Wakala vipo vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo cha namna hii kina kamati, akaunti ya benki na mamlaka ya kutoza. Ni serikali ndogo yenye kazi moja, ila si serikali ya kijiji. Na pale kinaponunua maji ya jumla kutoka bomba la KASHWASA, linaloleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele wilayani Misungwi, fedha zikipotea huzaliwa deni, na deni lisipolipwa bomba hukauka.

Mageuzi hayo yalikuwa na sababu. Kamati nyingi za zamani zilikusanya fedha bila mhasibu wala stakabadhi. Pampu ilipoharibika, mfuko ulikutwa mtupu. Wanasiasa nao waliahidi maji ya bure wakati wa kampeni, kisha mradi ukafa kwa kukosa dizeli. Kutaka mafundi na wahasibu wenye sifa, na kuunganisha vyombo vidogo ili viweze kujiendesha, ni hatua ninayoiunga mkono.

Hata hivyo, tumeutenga mfuko wa maji na siasa, tukautenga pia na wananchi. Zamani mhandisi wa maji alikuwa mtumishi wa halmashauri, na baraza la madiwani liliweza kumbana. Meneja wa RUWASA wa wilaya anawajibika kwa Wakala wake. Njia hiyohiyo ilitangulia kufuatwa katika barabara, TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017. Chombo kinapokusanya vijiji kadhaa, mkutano wa kijiji kimoja hauwezi peke yake kuiwajibisha kamati. Taarifa zinapanda juu. Anayelipa yuko chini. Mwanamke anayesubiri kwenye kioski cha maji hana haja ya kujua muundo wa Wakala. Anataka kujua shilingi zake za mwezi uliopita zilikwenda wapi, na kwa nini koki haitoi maji.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema kwamba madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chombo kinachotoza umma kwa jina la jamii hakiwezi kujificha nyuma ya neno "utaalamu" ili kuikwepa shabaha hiyo.

Dawa haihitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya chombo cha maji iwe ajenda ya kudumu ya mkutano huo: maji yaliyonunuliwa au kusukumwa, maji yaliyouzwa, fedha zilizokusanywa, zilizotumika na zilizobaki benki. Nakala yake ibandikwe kwenye kioski na nyingine apewe diwani, si ili apange bei, bali ili aulize. Watumishi wa RUWASA wanaosoma makala hii wanaweza kulianza jambo hili kwa waraka wa ukurasa mmoja. Wanafunzi na wanaharakati waende kwenye mikutano hiyo waiombe taarifa kwa jina lake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo madaftari tunayo, na mengine yamo kwenye kompyuta. Lakini daftari lisilosomwa mbele ya mwenye mali halimlindi. Humlinda anayelishika.