Mtoto asiingie shuleni kwa hadaa

Kila mwezi wa Januari, kwenye malango ya shule za chekechea mtaani Ngara, hutokea kioja ambacho tumekizoea hata hatukishangai tena. Mzazi humkabidhi mwalimu mtoto wa miaka minne, humwambia mtoto atazame kando, kisha hutoroka. Mtoto anapogeuka, mama hayupo. Kilio kinachofuata twakiita utundu. Waama, ni kilio cha aliyehadaiwa na mtu anayemwamini kuliko wote duniani.

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema avunjwe.

Mtoto mdogo hajui saa. Kumwambia "nitarudi saa sita" ni kumpa maneno matupu. Anachoelewa ni mfuatano wa mambo: lango, mwalimu, uji, mchezo, usingizi, kisha mama. Hapo ndipo kitabu cha picha kinapofaa. Akikifungua jioni baada ya jioni mapajani pa mzazi, mtoto huiishi siku ya kwanza kabla haijafika, na ukurasa wa mwisho humwonyesha mama akirudi. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kumsimulia picha hizo.

Je, vitabu hivyo viko wapi? Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, madarasa ya PP1 na PP2 yalipewa nafasi rasmi katika elimu ya msingi. Hata hivyo, mzazi anayeingia dukani huelekezwa kwanza kwenye vitabu vya mazoezi ya herufi na nambari. Vitabu vya hadithi kutoka ng'ambo navyo humwonyesha mtoto aliyevaa koti zito akikanyaga theluji. Mtoto wa Ngara, apenyaye kwa miguu kati ya vibanda vya mitumba na matatu, hajioni humo.

Wapo watakaosema kwamba vitabu ni ghali, na hawakosei. Sheria ya mwaka 2013 ilipovitoza ushuru wa thamani wa asilimia 16, mzigo uliongezeka. Lakini umaskini usiwe kisingizio. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014, una hadithi zenye picha, za Kiswahili zikiwemo, ambazo yeyote aweza kuzichapisha bila malipo. Aidha, mwalimu aweza kuchora kurasa nane za shule yake mwenyewe: lango lake, choo chake, kikombe chake cha uji. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu nao wangeifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya mafunzo yao.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Basi serikali ya Kaunti ya Nairobi haina budi kuhakikisha kwamba kila mtoto anayesajiliwa katika vituo vyake anapewa kijitabu kimoja kabla ya siku ya kwanza.

Hata hivyo, kitabu hakifuti machozi peke yake. Kikisema kwamba mama huaga, naye mama akatoroka, kitabu kitakuwa kimesema uongo, na mtoto atajifunza mapema mno kutoamini kilichoandikwa. Wazazi wenzangu, tuwasomee watoto, tuwaage, kisha turudi kwa wakati.