Chai ya Kisii Yaonjwa Mombasa, Sisi Twainywa Tu

Wafaransa na wenzao wana fani yao ya kuonja divai. Huinusa, huizungusha kinywani, kisha wakataja zabibu yake ni ya jamii gani na ilichumwa bonde lipi. Kwetu sisi mlango huo umefungwa na sheria ya dini, wala hatuna haja ya kubisha hodi. Lakini ilimu ya kuonja si mali ya divai peke yake, na ajabu ni kwamba iko hapa hapa Mombasa, nasi twaipita mlangoni.

Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969. Kabla ya chai kuuzwa, waonjaji huipanga mezani katika vikombe, ikatiwa maji yachemkayo na kufunikwa dakika tano sita, pasi na sukari wala iliki. Muonjaji huivuta kwa kijiko kwa ule mlio ambao mama zetu walitukataza, ili ienee ulimi wote, kisha huitema. Kwa pumzi hiyo moja amekwisha kuikadiria bei.

Na bei hiyo ni ya nani? Ni ya mkulima wa Nyamira, pande zilizotengwa na wilaya ya Kisii mwaka 1989 na ambazo sasa ni kaunti. Huchuma majani mawili na chipukizi katika shamba lake dogo, akayapeleka kiwanda cha Kebirigo, Sanganyi au Nyankoba. Jirani yake wa Kisii hupeleka Kiamokama au Ogembo. Jani likicheleweshwa njiani, au likishindiliwa hata likapata joto, huharibika, na ulimi wa Mombasa hulijua. Kwa miaka mingi chai ya magharibi ya Bonde la Ufa imepata bei ya chini kuliko ile ya pande za Mlima Kenya, na bonasi ya mkulima, ndiyo karo ya mwanawe, hutoka humo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zao, nasema chema hakijiuzi mpaka apatikane anayekijua. Tende twajua kuuliza, hii ni ya Madina au ya Basra? Lakini muulize mtu chai aliyonywea mahamri asubuhi yatoka wapi, atakutajia jina la pakiti. Wengine hudhani PF1 na D1 ni daraja za utamu, kumbe ni ukubwa wa chembe. Hatujui hata kwamba chai nyeusi na ya kijani hutoka mti mmoja, wala kwamba mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa mche wa majani ya zambarau.

Sisemi iliki na tangawizi ziachwe. Nasema kikombe cha kwanza kiwe mkandaa mtupu, kionjwe. Muuza duka aulizwe, hii ni ya kiwanda gani? Na mkulima naye aitwe mezani, aonjeshwe chai yake kando ya ile iliyoishinda. Anayehukumiwa na ulimi wa mtu asiyemwona ana haki walau ya kuijua hukumu yenyewe.