Msamaha Usitangulie Kilio

Mnamo Mei 2008 Serikali ya Kenya ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ili waliofukuzwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 warejee makwao. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Kaya nyingi zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Fedha hununua mabati, hazinunui usingizi. Naye aliyenajisiwa, arudipo kuteka maji kisima kimoja na jamaa za waliomtenda, huambiwa: "Samehe, yamepita."

Twasema wazi: kumhimiza mtu asamehe kabla hajasikilizwa ni kumjeruhi mara ya pili. Msamaha ni tunda la uponyaji, wala si deni analodaiwa aliyeumizwa ili majirani wapate utulivu. Uponyaji huanza pale ukweli unapotamkwa na kuaminiwa. Ndiyo maana tunauheshimu uamuzi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi wa tarehe 10 Desemba 2020, uliotambua kwamba haki za wanne miongoni mwa walionajisiwa zilivunjwa, na kuamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni 4. Walingoja karibu miaka 13.

Kutoa hukumu si kazi yetu; kusikiliza ni wajibu wetu. Basi katika jumuiya zetu ndogondogo tumwache aliyeumia aseme kwa wakati wake, tuitunze siri yake, na tumsindikize hospitalini na mahakamani. Zaburi zimejaa kilio. Kwa nini sisi tumnyamazishe anayelia?