Maana ya Mwendo katika Tiba ya Viungo

Ili mtu atembee mahali tambarare, goti huhitaji kukunjika kiasi cha nyuzi 60 hadi 70. Kuchuchumaa huhitaji zaidi ya nyuzi 110. Je, mkulima wa Njisi, wilayani Kyela, ambaye goti lake lililoumia sasa hukunjika nyuzi 90, amepona? Kwa kipimo cha kutembea, amepona. Kwa kuchuchumaa akipalilia mpunga, au kutumia choo cha shimo, bado.

Kosa si la kipimo, bali ni la kudhani kwamba mwendo ni badiliko la pembe tu. Mwaka 1945 mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty alieleza kwamba mwili si chombo tu ambacho mtu hukiendesha. Ndio njia yake ya kuwamo ulimwenguni. Kwa hiyo mwendo una shabaha: magugu, mkeka, nyumba ya jirani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mfumo wake wa mwaka 2001, halikuishia kwenye viungo. Lilitaja pia shughuli za mtu na ushiriki wake katika jamii.

Yafaa basi tiba ianze kwa swali: “Mzee, ungependa kurudia kazi gani?” Ndipo pembe ipimwe. Hata darasani, goti linapofundishwa kuwa kiungo cha bawaba, ifundishwe pia kazi ya mwenye goti hilo.